Ukurasa wa Jamaa: Mtoto Asiyetulia Mbele ya Kitabu



Mwezi huu nilitayarisha kuzungumza juu ya mahari. Mahari itangojea. Nimepata barua ya mama mmoja wa upande wa Kabambare, imeandikwa kwa biki nyekundu juu ya karatasi mbili za kaye, na tangu nilipoisoma sikupata nafasi ya kufikiri neno lingine. Jina lake sitaliandika, wala jina la kijiji chake.

Anasema ana mtoto mwanamume wa miaka sita. Shule ya karibu inafungua na kufunga, inategemea usalama. Watu walikimbia, wakarudi, wakakimbia tena. Dada yake wa Bukavu alimtumia kitabu kizuri cha picha za rangi, na chini ya kila picha kuna neno la Kifaransa. Mama huyu alisoma mpaka mwaka wa nne wa sekondari, basi akasema moyoni: nitamfundisha mwenyewe nyumbani, kila jioni. Jioni ya kwanza ilikwenda vizuri. Jioni ya pili mtoto aligeuza karatasi zote mara moja, akasema, "Imeisha." Jioni ya tatu alipasua ukurasa wenye picha ya mashua, akaukunja kuwa mtumbwi, akaupeleka kwenye beseni la maji. Mama akampiga.

Nitaandika maneno yake kama alivyoyaandika: "Pasta, mutoto huyu mikono yake hailali. Anafungua kufuli, anafungua redio ya baba yake, anachonga miti, lakini mbele ya kitabu anakuwa kama mugonjwa. Ni mujinga, ao ni mimi sijui kufundisha?" Kisha, chini kabisa, kama neno lisilo na maana: "Lakini kule mutoni, kwenye kaka yake anasafisha muchanga wa zahabu, anakaa tangu asubui mpaka jua linashuka, na hachoki."

Nilisoma barua hiyo mara mbili, nikampa mama watoto. Yeye aliisoma mara moja tu, akaweka kidole juu ya yale maneno ya mwisho, akasema, "Jibu liko hapa."

Na ni kweli. Tuangalie kwanza namna mto unavyofundisha. Mtoto anafika, anapewa karai mkononi. Haambiwi "kaa chini, usiguse". Kaka yake anamwonyesha mara moja: chota, zungusha, mwaga maji kidogo, zungusha tena. Anajaribu. Akikosea, mchanga wote unamwagika, na kosa lake analiona palepale bila kungojea mtu wa kumsahihisha. Akifaulu, uzito unabaki chini, mweusi, na siku ya bahati kitu kidogo kinang'aa. Watu wazima wanamwita kwa jina lake, wanamsifu, pengine wanampa mandazi. Sasa sisi nyumbani tunampa nini? Kiti kigumu, karatasi, na fimbo.

Kwa hiyo, mama mpendwa, mtoto wako si mjinga. Mjinga hawezi kufungua kufuli. Lakini nataka wazazi wote wa Kasongo, wa Kabambare, wa Salamabila na vijiji vyote vinavyozunguka machimbo wasikie neno hili: machimbo hayaanzi kwa kuchukua watoto wavivu. Yanaanza kwa kuchukua huyu mwenye mikono mizuri, anayepima kwa macho, anayependa kuona kitu kinabadilika mbele yake. Shule inamchosha, machimbo yanampokea. Akifika miaka kumi na miwili, ameshajua kazi ya watu wazima, hajui kusoma jina lake. Ninyi wenyewe mnawajua vijana wa namna hiyo, nami nimewazika wawili ambao udongo uliwaangukia.

Kuna sheria. Sheria ya ulinzi wa mtoto katika nchi yetu, ya tarehe 10 Januari 2009, inakataza kumtumikisha mtoto kazi zinazomwumiza. Lakini sheria haikai mtoni. Sisi ndio tunakaa mtoni. Tena, mahali wanapotumia merkiri, ile maji mazito ya rangi ya feza ambayo wanachanganya na zahabu kusudi ishikamane, hatari si shimo peke yake. Wakiichoma, mvuke wake hauna harufu ya kukufukuza, lakini unaingia mapafuni na kuharibu ubongo na mishipa ya fahamu, na ubongo wa mtoto ndio unaoumizwa zaidi. Mtoto wa miaka sita anayekaa kando ya moto ule kwa sababu anapenda kuangalia, anavuta hewa ileile.

Sasa nisijifanye mwalimu mkubwa. Mwezi wa tatu mwaka 2020, serikali ilipofunga mashule yote nchini juu ya ugonjwa wa korona, kitinda mimba wetu alikuwa na miaka sita. Nilikuwa na kitabu cha picha nilichopewa na rafiki wa Kindu. Nikamketisha mtoto barazani, nikafungua ukurasa wa kwanza. Picha ya tunda jekundu.

"Hii ni nini?"

"Nyanya."

"Hapana, ni pomme."

"Pomme ni nini, Papa?"

Mimi mwenyewe nilikula pomme mara moja tu, Bukavu, na nikaiona kama muhogo mbichi uliotiwa sukari. Nikamwambia, "Ni tunda la wazungu, endelea." Ukurasa wa pili ulikuwa na nyumba yenye bomba juu ya paa, moshi unatoka, na mbele ya mlango baba na mama na watoto wanacheka. Mtoto akaangalia sana. Akauliza, "Papa, nyumba yao inaungua, mbona wanacheka?"

Ndugu zangu, swali lile lilikuwa la akili kuliko somo langu. Lakini mimi nilikasirika. Nilimwambia, "Nyamaza, sema: maison." Akasema "maison", na hakuuliza tena neno lolote siku ile. Kesho yake, saa ya somo, sikumwona. Nilimkuta nyuma ya jiko la jirani, anatengeneza gari la bambu. Magurudumu manne aliyakata katika kambambili ya zamani, na yote yalikuwa sawasawa, kwa sababu aliyapima kwa uzi. Nikamwuliza nani alimfundisha kupima kwa uzi. Akajibu, "Hakuna." Nilisimama pale na kitabu mkononi, nikaona haya.

Hapo ndipo nilikumbuka shule ya Jumapili ya utoto wangu. Mwalimu wetu alikuwa na kitambaa cha flaneli juu ya ubao, na picha za karatasi za kubandika: Daudi, kondoo, Goliati, mawe matano. Wazee wa kanisa wanajua picha zile. Mpaka leo naweza kuwaambia rangi ya nguo ya Daudi. Kwa nini? Si kwa sababu ya uzuri wake. Ni kwa sababu mwalimu hakubandika yeye mwenyewe. Aliita mtoto mmoja mmoja, akampa picha mkononi, akamwambia, "Weka mahali pake." Mimi nilipewa jiwe la tano. Hadithi nyingine nyingi nilizosikia nikiwa nimekaa kimya zimepotea, lakini jiwe lile bado liko katika vidole vyangu.

Katika shule ya Biblia walitutajia kidogo mtu mmoja aitwaye Jan Amos Comenius, na nilipata kusoma zaidi juu yake baadaye. Alizaliwa mwaka 1592 katika Moravia, inchi ambayo leo ni sehemu ya Cheki. Alikuwa mchungaji, kisha askofu wa kanisa la Ndugu, na alikuwa mkimbizi karibu maisha yake yote. Vita vya dini vilimfukuza kwao. Ugonjwa wa tauni ulimwua mke wake na watoto wao wawili. Alikimbilia mji wa Leszno katika Polandi, na mwaka 1656 mji huo ukachomwa moto, nyumba yake ikaungua pamoja na maandiko ya miaka mingi. Miaka miwili baadaye, mwaka 1658, kitabu chake kikatoka katika mji wa Nürnberg: kitabu cha picha za kufundishia watoto, karibu picha 150, na maneno ya Kilatini na Kijerumani kando yake. Kabla yake watoto wa Ulaya walikuwa wanakariri maneno ya Kilatini bila kuona kitu. Vitabu vya picha vya shule tunavyoviona leo, hata kile cha dada wa Bukavu, ni kama wajukuu wa kitabu kile.

Lakini sikieni neno ambalo mimi sikulijua. Mkimbizi huyo, baba wa vitabu vya picha, hakutaka mtoto akae tu na kuangalia picha. Aliagiza mtoto aonyeshwe pia vitu vyenyewe kila inapowezekana, na aruhusiwe kuzichora picha kwa mkono wake mwenyewe. Na mwanzo wa kitabu chake aliweka alfabeti ya sauti za wanyama: kunguru analia a, kondoo analia be, na hivyo hivyo mpaka mwisho, kusudi mtoto alie pamoja nao na kujua herufi kwa kinywa chake. Kwa hiyo mtoto wa Kabambare aliyeukunja ukurasa wa mashua kuwa mtumbwi na kuupeleka majini, hakuwa mbali sana na mwenye kitabu. Karatasi iliharibika, ni kweli, na karatasi ni mali. Lakini somo la mashua alilielewa.

Hata manabii walifundishwa hivyo. Soma Ezekieli sura ya nne: Mungu anamwagiza nabii achukue tofali, achore mji wa Yerusalema juu yake, kisha azungushe boma na kilima pande zote. Mtu mzima, kuhani, anachezea tofali mbele ya watu! Na Yoshua sura ya nne, mawe kumi na mawili yanatolewa Yordani na kusimamishwa kusudi watoto wayaone na kuuliza. Mungu alijua kwamba mtoto anauliza akiona jiwe.

Basi nyumbani kwetu tulianza upya. Kitabu hatukukitupa. Tulibadili mahali pake tu: kwanza kilikuwa mwanzo wa somo, sasa kikawa mwisho wake.

Nitatoa mfano wa ukurasa wa mbuzi. Asubuhi, kabla ya kufungua kitabu, tulikwenda kwa jirani kuangalia mbuzi wake. Nilimwambia mtoto amshike. Kwato zimepasuka namna gani? Mkia unaangalia wapi? Mkia wa mbuzi unaangalia juu, wa kondoo unaanguka chini. Mimi nimekula mbuzi miaka arobaini na sikupata kufikiri neno hilo. Kisha tulichukua udongo wa kichuguu, ule unaoshikamana vizuri, tukautia maji, akafinyanga mbuzi wake. Miguu ilivunjika mara tatu. Akagundua mwenyewe kwamba lazima iwe minene. Ndipo tukafungua kitabu. Aliangalia picha kama fundi anavyoangalia kazi ya fundi mwingine, akasema, "Huyu hana ndevu. Walisahau." Siku ile ndiyo ya kwanza alikaa mbele ya kitabu kwa kupenda kwake.

Baadaye tukatengeneza vinyoka vya udongo, tukavikunja kuwa herufi: M, B, U, Z, I. Akaziweka juani zikauke. Nikakata kipande cha karatasi, yeye akaandika MBUZI nami nikimshika mkono, tukakibandika kwa gundi ya bunga ya muhogo juu ya neno la Kifaransa, upande mmoja tu, kusudi lile la Kifaransa liweze kufunuliwa siku yake ikifika. Ukurasa wa pomme alichora embe kando yake. Na ile nyumba ya moshi? Tulijenga nyumba ndogo ya vijiti na udongo, tukawasha moto ndani, tukafunga mlango, moshi ukakosa njia. Halafu tukatoboa paa, tukaweka bua la papai kama bomba. Moshi ukapanda juu. Nikamweleza kwamba kuna inchi za baridi kali ambako watu wanawasha moto ndani ya nyumba na kufunga madirisha yote. Swali lake nilikuwa nimelijibu kwa kuchelewa wiki mbili.

Herufi ambazo zilimshinda tuliziandika kwa gundi ileile ya muhogo juu ya kartoni, tukamwaga mchanga mkavu, tukakung'uta. Mchanga ulioshikamana unakuwa herufi ya kuguswa. Mtoto anafumba macho, anapitisha kidole, anasema sauti yake. Si mimi niliyebuni jambo hilo. Daktari mmoja mwanamke wa Italia, Maria Montessori, alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa maskini wa Roma tarehe 6 Januari 1907, akawapa watoto herufi zilizokatwa katika karatasi ya msasa wazifuate kwa vidole. Yeye alikuwa na msasa. Sisi tuna mto mzima wa mchanga.

Na muda? Usimkalishe saa nzima. Muda wa maji ya bukari kuchemka unatosha, dakika kumi ao kumi na tano, kisha mwache akimbie. Urudie jioni kama bado yuko na hamu. Kuhesabu tulitumia vifuniko vya chupa, na kopo la mchele sokoni: makopo mangapi yanajaza sahani, sahani ngapi zinajaza ndoo. Tulijaribu karanga pia. Msitumie karanga. Alikuwa anatoa tatu kutoka kumi na kubaki na mbili, na nilidhani hajui hesabu, mpaka nikaona kinywa chake.

Sasa niwaambie na kosa letu, maana mtu akisoma mpaka hapa anaweza kufikiri kwamba mchezo peke yake unafundisha. Hapana. Tulifurahi sana na udongo na bambu hata wiki tatu zikapita tunajenga tu: daraja, kinu, velo ya vijiti. Siku moja mama watoto akamwita mtoto, akamwonyesha neno MAMA juu ya karatasi. Hakuweza kulisoma. Mama watoto akaniangalia, akasema, "Wewe ulifungua karakana, hukufungua shule." Nilinyamaza, kwa sababu nilijua ni kweli. Tangu siku ile tukaweka kanuni, na sikuivunja tena: kila kazi ya mikono inaishia kwenye neno moja lililoandikwa na kusomwa kwa sauti. Ukijenga daraja, linaandikwa DARAJA. Hakuna neno, kazi haijaisha, na vyombo havikusanywi. Mtoto alinung'unika siku mbili tatu, kisha akazoea. Mikono inamfikisha mtoto mlangoni pa kitabu, lakini kuna mtu mzima wa kumwingiza ndani, na siku nyingine mlango ni mgumu. Kutoka herufi ya udongo mpaka biki tulikaa miezi: kwanza kijiti juu ya vumbi la uwanja, kisha kipande cha makala juu ya ubao, kisha chaki, kisha biki. Herufi zake ziligeuka nyuma mbele, S ikawa kama inaangalia kwenye kioo. Kwa umri ule ni kawaida. Fimbo haigeuzi herufi.

Kuna jambo moja ambalo mimi na mama watoto hatukupatana juu yake, na pengine ninyi pia hamtapatana. Mtoto alitaka kucheza machimbo. Aliona vijana wakipita na karai, akataka kuchimba shimo nyuma ya nyumba, kuosha mchanga, kupima kwa mizani ya vifuniko viwili na kijiti. Mama watoto alikataa kabisa: "Usimfundishe njia ya kule." Nilimwelewa, yeye alifiwa na ndugu kule. Lakini mimi nilifikiri namna nyingine. Mtoto wa huku atayaona machimbo, tupende tusipende, maana yako njiani anakopita. Na ni wachimbaji wangapi wanaoibiwa mchana kweupe na mnunuzi wa zahabu kwa sababu hawajui kusoma mizani wala kuzidisha bei? Basi nikaruhusu mizani, sikuruhusu shimo. Tulipima maharagwe kwa mawe madogo, tukaandika katika kaye: upande huu 12, upande huu 9, nani amedanganywa, amedanganywa ngapi? Alijua kutoa hesabu kupitia mizani ile kuliko kupitia kitu kingine chochote. Mama watoto bado anasema nilikosea. Naandika maneno yake hapa kwa sababu aliniomba.

Ninyi baba wachimbaji, msifikiri ukurasa huu ni wa akina mama. Wewe unayerudi nyumbani Jumamosi na mikono imepasuka, wewe ndiye unayeweza kumshika mtoto huyu kuliko pasta. Unajua kufunga vifundo vya kamba. Unajua kupima urefu wa shimo kwa mikono, unajua ndoo ngapi za udongo zinatoka kwa siku. Kaa naye Jumapili baada ya ibada, umfundishe vifundo vitatu na umwambie aandike jina la kila kimoja. Kama wewe hujui kuandika, mama ataandika, ao kaka mkubwa, na wewe utajifunza pamoja na mtoto. Hakuna haya hapo. Nami nilijifunza kufinyanga mbuzi kwa mtoto.

Na mabinti? Mtu mmoja aliniuliza mbona nasema wavulana tu. Msichana mwenye mikono isiyolala yuko pia katika kila nyumba, lakini hatumwoni, kwa sababu tumekwisha kumpa mchi na ndoo. Naye apewe udongo na herufi.

Neno dogo juu ya lugha. Wazazi wengi wanaogopa kufundisha kwa Kiswahili, wanafikiri wataharibu Kifaransa cha mtoto. Hata sheria ya elimu ya nchi yetu, ya tarehe 11 Februari 2014, inakubali lugha za taifa na lugha za mahali zitumiwe kufundishia. Mtoto anayesema Kibangubangu na bibi yake na Kiswahili sokoni, aanze kusoma kwa lugha anayoota nayo usiku. Kifaransa kitakuja juu ya msingi huo. Na masomo ya nyumbani yasichukue nafasi ya shule. Tangu Septemba 2019 elimu ya msingi katika shule za serikali inatakiwa kuwa bure, shule ya kwenu ikifungua, mpeleke siku ya kwanza, na umweleze mwalimu kwa heshima: "Mwalimu, huyu mikono yake inataka kazi. Mpe kufuta ubao, mpe kugawa makaye." Mwalimu mwenye watoto wengi katika darasa moja atashukuru kupata msaidizi.

Mama wa Kabambare nilimjibu kwa kirefu kidogo kuliko hapa. Nilimwomba asirudishe kitabu Bukavu, autafute ule ukurasa wa mashua kama haujaoza, aubandike tena mahali pake hata kama umekunjamana, na mtoto aandike MASHUA chini yake. Nilimwomba pia azungumze na yule kaka mkubwa kabla ya kuzungumza na mdogo.

Wiki iliyopita mtu mmoja wa velo aliniletea ujumbe wake kwa mdomo. Mtoto ametengeneza jina lake kwa udongo, akalianika juu ya paa la jiko, mvua ikalivunja, akalia, akalitengeneza tena. Herufi moja imegeuka. Siku za kazi anakaa nyumbani asubuhi, anafanya somo lake. Jumamosi bado anamfuata kaka yake mtoni. Mama anauliza afanye nini na Jumamosi.

Nimetuma makaye mawili, biki, na kipande cha kartoni chenye herufi za mchanga, kwa mtu huyohuyo wa velo anayerudi kesho. Juu ya Jumamosi nimemwandikia kaka mkubwa yeye mwenyewe. Ana miaka kumi na mitano, na mama yake anasema hajui kusoma. Kwa hiyo barua hiyo mdogo wake atajaribu kumsomea, nami nimeiandika kwa herufi kubwa, maneno tisa tu.